Mafundi Wengi, Meza Moja

Leo tutazungumza habari za kompyuta kubwa zinazotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na jinsi wataalamu walivyojifunza kuwagawia nguvu zake.

Fikiri karakana ya seremala. Fundi ndiye prosesa, sehemu ifanyayo hesabu. Meza ya kazi ndiyo kumbukumbu. Ghala la mbao, lililo mbali, ndilo pipa la sumaku: lina nafasi kubwa, lakini kutoa kitu humo ni polepole. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta ya Atlas, kazi ya Tom Kilburn na wenzake. Meza yake ilichukua maneno 16,384, na pipa lake 98,304. Yote yalikatwa kurasa za maneno 512, na mashine yenyewe ikaleta ukurasa uliotakiwa na kuuondoa usiotakiwa.

Mashine nyingine zikafuata mfano huo, na hapo ndipo penye mtego. Prosesa ilikuwa ghali, nao wenyewe hawakutaka ikae bure. Kazi moja ilipongoja ukurasa, walitia ya pili, kisha ya tatu. Lakini meza haikukua! Kila kazi mpya iliangusha mbao za nyingine, nazo zikafuatwa tena ghalani, zikaangusha za tatu. Mara karakana nzima iko njiani, hakuna apigaye randa. Kuongeza mafundi kulizidisha msongamano tu. Mashine ikawa yatapatapa.

Peter Denning, aliyekuwa akisoma katika chuo cha MIT, Marekani, alieleza ugonjwa huo na dawa yake katika makala za mwaka 1968. Tazama kurasa ambazo kazi imezigusa katika muda mfupi uliopita. Hizo ndizo inazozihitaji sasa. Zisipoenea zote mezani, kazi hiyo isipewe prosesa kabisa, ingoje nje. Labda utasema huko ni kumnyima mtu zamu yake. La, aliyeingizwa pasipo nafasi hangoji peke yake, huwangojesha na wenzake.

Hapo MIT palikuwa na Multics, iliyofunguliwa kwa watumiaji mwaka 1969, ambayo prosesa zake ziliweza kushiriki kumbukumbu moja. Baadaye iliwezekana kuondoa prosesa au kipande cha kumbukumbu mashine ikiwa kazini. Baada ya saa za kazi waliigawa kuwa mashine mbili, moja ya majaribio, na waliokuwa wakiitumia ile nyingine wakaendelea na shughuli zao. Multics ya mwisho ilizimwa nchini Kanada, Oktoba 2000.