Viambaza na Kuta katika Nchi ya Busia na Tororo

Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipokuwa ikipita Mumias kwenda Uganda, wenyeji wengi wa nchi hii walikaa katika nyumba za msonge. Wafanya biashara wa pwani wakajenga nyumba za pembe nne, na ndani yake wakatia viambaza vya kugawa vyumba, ili watu wa nyumbani wapate sitara na mgeni awe na mahali pake. Kwao walizoea matumbawe na chokaa. Huku bara matumbawe hayapatikani. Basi wakasimamisha miti, wakafunga fito, wakakandika udongo. Sura ya nyumba ilikuwa ya pwani, ukuta wa bara.

Kiambaza cha ndani hakichukui paa, kwani mzigo ule ni wa nguzo; mwenye nyumba aliweza kukivunja na kupanua chumba pasipo hatari. Ukuta wa nje wa matofali, ambao hubeba paa, haufanyiwi mchezo huo. Matofali yake hupangwa kwa kupishanisha viungo, la sivyo ufa hupata njia. Fundi asemaye kuwa lipu itaficha kosa hilo, heri asipewe kazi.

Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na saruji ikawa karibu. Lakini saruji ikipakwa juu ya kiambaza cha udongo huleta hasara. Udongo huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, saruji haiufuati. Lipu hupasuka, maji huingia nyuma yake yasipate pa kutokea, na miti huoza ndani kwa ndani, mwenye nyumba asijue mpaka ukuta uiname.