Tundu la Tatu: Umeme, Ardhi na Zahanati za Unyamwezi

Kigwa imezoea kupitiwa. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita hapo na msafara wao wakielekea Kaze, karibu na Tabora ya leo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley akafuata njia hiyohiyo. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, nayo iliivuka nchi hii kupitia Goweko na Igalula. Sasa ni zamu ya nguzo za umeme. Sisi tunaoandika historia tumezoea kuhesabu njia ilikofika, na mara chache tunauliza inaishia wapi. Leo nataka tuutazame mwisho wa njia ya umeme, ndani ya chumba cha kujifungulia.

Tuanze na soketi ya ukutani. Ina matundu matatu, kwa kufuata kiwango kilichowekwa Uingereza mwaka 1947, wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wake. Tundu la tatu ni la waya wa kutuliza umeme ardhini, ambao mafundi wetu huuita eathi. Kitu cha chuma kikiguswa na umeme kwa hitilafu, waya huo huupeleka umeme ardhini kabla haujapita katika mwili wa mtu. Katika nyumba zetu tundu hilo limepata kazi nyingine: tunapenyeza kijiti au kalamu ili matundu mawili ya chini yafunguke na kupokea chaja ya pini mbili. Tumeligeuza kuwa komeo la mlango, na wengi hatujui kama nyuma yake upo waya.

Mazoea hayo yana historia. Umeme wa kwanza wa umma nchini ulianzishwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na makazi ya Wazungu. Mwaka 1931 zilianzishwa kampuni mbili binafsi za umeme; serikali ilizinunua mwaka 1964. Sheria ya nishati vijijini ilipitishwa mwaka 2005. Zahanati nyingi za vijijini zilitangulia. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, huduma za afya zilisambazwa vijijini kwa kasi. Wakunga walizalisha kwa mwanga wa chemli na karabai, na majokofu ya chanjo yakaendeshwa kwa mafuta ya taa. Umeme ulipofika, nyaya zilitandazwa juu ya kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili yake.

Sekta binafsi ilipitia njia nyingine ikafika palepale. Sheria ya 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Kliniki nyingi, zikiwemo za meno, zikapanga vyumba katika nyumba za kawaida, zenye nyaya zilizotandazwa kwa ajili ya taa, redio na pasi. Kwa hiyo zahanati ya umma na kliniki ya mtaani zimerithi jambo moja: utandazaji wa nyaya uliokusudiwa kazi nyingine.

Hatari yake si ya kinadharia. Mgonjwa aliyelala, mwenye ngozi iliyolowa damu na maji, hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mtu mkavu aliyevaa viatu. Kiti cha daktari wa meno hukutanisha chuma, maji na kinywa kilicho wazi. Mahali palipo na mrija au waya unaofika moyoni, sehemu ya kumi ya miliampia inaweza kutosha kuuvuruga moyo. Mwaka 1971 Ralph Nader alidai kwamba wagonjwa wengi nchini Marekani hufa hospitalini kwa mishtuko ya umeme isiyotambuliwa. Wahandisi walizipinga takwimu zake, lakini hoja yake ingali nzito: kifo cha namna hiyo huandikwa kwamba moyo ulisimama.

Unyamwezi ina ugumu wake wa ziada, nao ni kiangazi kirefu. Udongo ukikauka, ardhi hupokea umeme kwa shida. Tufanye hesabu. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukinzani wa ardhi kwenye nondo ya eathi ukipanda hadi omu 100, mkondo utakaopita ni ampia 2.3 tu. Sakiti breka ya ampia 32 haitakata, na ganda la chuma la mashine litabaki na umeme likimsubiri muuguzi. Ndiyo maana inahitajika pia swichi ya kinga inayokata umeme pindi mkondo wa miliampia 30 unapovujia ardhini. Eathi iliyopimwa mwezi wa Machi, mvua zikinyesha, haitoi ushahidi wowote kuhusu mwezi wa Oktoba.

Nani anawajibika? Kwa kawaida dhamana ya TANESCO huishia kwenye mita. EWURA hutoa leseni kwa mafundi. Ndani ya jengo mwenye dhamana ni mmiliki, na mmiliki wa zahanati ya umma ni halmashauri. Hata hivyo taarifa zetu huhesabu vijiji vilivyounganishwa na majengo yaliyokabidhiwa. Katika zahanati moja niliyoitembelea, mfadhili alikuwa ameandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Nilipouliza eathi imefukiwa wapi, hakuna aliyejua.

Kwenu watumishi wa halmashauri, ombi langu ni dogo: eathi ya kila zahanati ipimwe mwishoni mwa kiangazi, na kipimo kiandikwe katika daftari linaloweza kukaguliwa na kamati ya kituo. Kwenu wanafunzi na wanaharakati, mtakapoambiwa kijiji kimepata umeme, ulizeni kuhusu tundu la tatu. Mama anayejifungua hawezi kuuliza. Amelala, na anatuamini.