Lenzi mpya au kamera mpya? Hesabu ya mpiga picha wa Kibera na Kawangware

WAPIGAPICHA wanaoendesha studio ndogo katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hukabiliwa na swali moja biashara inapoanza kukua. Akiba iliyowekwa kwenye chama hutosha kwa jambo moja tu: kununua lenzi bora ya kufunga kwenye kamera iliyopo, au kuuza vifaa vyote na kuhamia kamera ya aina nyingine. Anayekosea katika uamuzi huo hapotezi picha pekee, bali huhatarisha kodi ya chumba na karo ya watoto.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii haimkatazi mtu kuhama. Humtaka kwanza ajue thamani ya kile anachokiacha.

Mdomo wa kamera

Kampuni nyingi hutengeneza kamera zenye midomo yao wenyewe, yaani mahali pale lenzi inapofungwa. Lenzi ya Nikon haiingii kwenye kamera ya Canon. Hata ndani ya kampuni moja mdomo huweza kubadilika. Mwaka 1987 Canon ilianzisha mdomo wa EF na kuacha ule wa FD, na waliokuwa na lenzi za zamani wakalazimika kuanza upya. Nikon, kwa upande wake, imetumia mdomo wa F tangu mwaka 1959.

Mwaka 2018 kampuni hizo mbili zilianzisha kamera za kitaalamu zisizo na kioo ndani, zenye midomo mipya: RF kwa Canon na Z kwa Nikon. Tangu mwaka 2020 hakuna hata moja kati yao iliyozindua muundo mpya wa kamera yenye kioo. Mkondo unakoelekea ni bayana, lakini hilo halimaanishi kwamba kamera za zamani zimekufa. Lenzi za EF hufungwa kwenye kamera za RF kwa kutumia adapta na kufanya kazi vizuri. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haifungiki kwenye kamera ya EF. Kwa hiyo mtu anayenunua lenzi nzuri ya EF leo anaweza kuhama nayo kesho.

Wenye Nikon wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Lenzi za zamani za AF-D hutegemea mota iliyo ndani ya kamera ili kulenga zenyewe. Kamera ndogo kama za D3000 na D5000 hazina mota hiyo, wala adapta ya FTZ ya kuhamia mdomo wa Z haina. Lenzi hupatikana kwa bei nafuu, kisha mnunuzi hulazimika kulenga kwa mkono mbele ya bibi harusi anayetembea.

Chumba cha futi 10

Vyumba vingi vya mitaa hii ni vya futi 10 kwa 10, kuta na paa zikiwa za mabati, na dirisha likiwa dogo au halipo. Tatizo la kwanza hapo ni giza. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa karibu na mwisho hufungua tundu lake kwa kipimo cha 5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye kipimo cha 1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, huingiza mwanga zaidi ya mara 9. Kwa picha za uso na mabega, tofauti hiyo huonekana mara moja.

Hata hivyo, lenzi hiyo ina mpaka wake. Kwenye kamera ndogo ya Canon iliyosimamishwa wima, mpiga picha huhitaji kurudi nyuma takriban mita 4 ili apate mtu wa futi 6 kutoka utosini hadi miguuni. Chumba chenyewe kina mita 3. Lenzi ya milimita 24 huhitaji karibu mita 2, lakini ile yenye kipimo cha 2.8 huongeza mwanga maradufu tu ikilinganishwa na lenzi ya kawaida. Kwa picha za familia nzima, basi, fedha hufanya kazi kubwa zaidi zikinunua flashi na shuka jeupe la kurudishia mwanga. Mwanga ukigonga mabati yenye kutu, hurudi na rangi ya kutu kwenye nyuso za wateja.

Wakati wa kuhama

Kuhama kuna maana pale kazi inayolipwa inapodai kile ambacho kamera iliyopo haiwezi: video inayolenga yenyewe bila kuyumba, au ukimya ndani ya kanisa wakati wa ibada. Hesabu yake isiishie kwenye bei ya kamera. Ijumuishe adapta, betri za ziada, kadi za kumbukumbu na flashi, kisha itolewe bei halisi ambayo vifaa vya zamani vitauzwa.

Anayenunua lenzi iliyokwisha kutumika aimulike kwa tochi ili aone kama ina ukungu ndani, na adai risiti ili asije akanunua mali ya wizi. Na kabla ya kuuza chochote, akodishe kamera anayoitamani kwa siku moja, aitumie katika chumba kile kile na kwa kazi ile ile. Picha za siku hiyo zikiwekwa kando ya zile za kamera yake, na mteja asipoona tofauti ya kumfanya aongeze malipo, fedha hizo zingojee.