Shahidi na Mfiadini

Neno shahidi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, aghalabu hutajwa mbele ya kadhi, kwa mtu aliyeona jambo kwa macho yake akaja kulieleza; lakini lina maana ya pili, ya mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, na Wayunani nao, katika neno lao martys, walianza na mwenye kutoa ushahidi wakaishia kwa mwenye kuutia muhuri kwa damu. Waganda vilevile, wasemapo omujulizi, hukusanya maana zote mbili.

Katika maandiko ya Kikatoliki limeenea neno mfiadini, yaani afaye kwa ajili ya dini, nalo limeundwa kwa ufasaha. Walakini mimi, nikiwakumbuka vijana wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki kwa Waanglikana, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, naona kwamba neno hilo hutaja mauti tu, ilhali wale, walioitwa abasomi kwa sababu ya kusoma kwao, walishuhudia tangu wakiwa hai, kila waliporudi katika utumishi wa mfalme huku wakiijua hatari. Charles Lwanga, mmoja wao, kabla ya kuitwa kwenye hukumu, aliwabatiza baadhi ya wenzake, Kizito, mdogo wao kabisa, akiwamo. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964.

Nawasihi waandishi wetu, neno mfiadini na litumike, ila shahidi lisiachwe.