Rangi ya Agosti

Darasa la tatu tulilipaka krimu juu na bluu chini, ile bluu unayoikuta kwenye shule za msingi kote nchini, inayoficha alama za mikono ya watoto. Tulikuwa vijana 34 wa kanisa moja la Nairobi. Fulana zetu zilikuwa za kijani, zenye mstari wa Isaya mgongoni, na tulikuwa tumekaa kwenye basi saa tisa nzima kufika pale. Kwa siku tano tulipaka madarasa matatu, tukagawa sodo na madaftari, tukaimba jioni, tukaombea wagonjwa. Picha zilitoka poa sana. Bado ninazo kwenye simu.

Siku ya nne nilienda kuchota maji kwenye tangi. Karibu na tangi kulikuwa na mgunga, na chini ya mgunga walikuwa wameketi vijana sita au saba wa kijiji kile, rika letu kabisa. Walikuwa hapo tangu Jumatatu, wakitutazama. Nikawasalimu. Mmoja akaniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia: "Hiyo rangi mnapaka, mlinunua pesa ngapi?" Nikamwambia sijui, mweka hazina ndiye anajua. Akacheka. "Mimi ni fundi wa rangi," akasema. "Hata lile la darasa la nane ni mimi nililipaka mwaka juzi. Enda uangalie kama limebanduka."

Nilienda. Halikuwa limebanduka. Letu la darasa la tatu, nilipopita nikirudi, lilikuwa limeanza kutoa machozi ya rangi chini ya dirisha.

Hayo ni ya miaka saba iliyopita. Mwaka huu nimewekwa kwenye kamati ya safari ya Agosti, na kwa kuwa nilisomea uhasibu nimetupiwa bajeti. Nilipewa ya mwaka jana ninakili. Kuna basi, chakula, rangi, brashi, fulana, picha na video. Hakuna mstari hata mmoja wa kumlipa mtu wa kule tunakoenda. Nimeitazama hiyo karatasi wiki tatu, na badala ya kuijaza nimekuwa nikisoma. Nilitaka kujua hii desturi ya kumpa kijana wa kanisa nauli na beleshi wakati wa likizo ilianza vipi, na walioianza walikuwa wanatafuta nini. Nilitarajia kuanza na wamisionari. Nilichosoma kilinipeleka kwenye vita.

Mwaka 1916 Wafaransa na Wajerumani walipigana Verdun, mashariki mwa Ufaransa, kuanzia Februari hadi Desemba. Vijiji vya eneo hilo vilisagwa na mizinga, kikiwemo kimoja kinachoitwa Esnes. Mtu wa kumkumbuka hapa ni Mswisi, Pierre Cérésole. Babake aliwahi kuwa rais wa Uswisi. Yeye mwenyewe alikuwa mhandisi, na wakati wa vita alikubali kufungwa jela kuliko kulipa kodi ya jeshi, kwa sababu imani yake ya Kikristo ilimkataza. Vita vilipoisha alikuwa miongoni mwa Wakristo wapinga vita waliokutana Bilthoven, Uholanzi, mwaka 1919. Katika watu wale likakua wazo kwamba mikutano imetosha, sasa twende tukajenge. Baridi ya mwaka 1920 kuingia 1921 kikundi kidogo kikafika Esnes kujenga vibanda na kusafisha mashamba. Ndani ya kikundi hicho kulikuwa na Wajerumani.

Hebu fikiria hapo kidogo. Miaka minne tangu mizinga, na Mjerumani anarudi kijijini kwako na beleshi. Si ajabu kwamba baada ya miezi michache wakuu wa eneo walisema hao Wajerumani hawatakiwi, na kambi ikavunjika. Kwa hesabu ya vibanda walifanya kazi ndogo, hata fundi mmoja na vibarua wake wangeifanya vizuri zaidi. Lakini vibanda vilikuwa kisingizio. Walichotaka ni kuona kama waliokuwa wakiuana wanaweza kukoroga simiti pamoja. Kutoka kambi ile likazaliwa shirika la Service Civil International, na kambi za kazi za vijana zikaenea Ulaya. Mwaka 1934 Wakristo wa Quaker walianzisha za kwao Marekani.

Aliyeninyima usingizi lakini ni mwingine: Mchungaji James H. Robinson wa Harlem, New York.

Robinson alizaliwa mwaka 1907 Knoxville, jimbo la Tennessee, katika familia maskini ya watu weusi, enzi ambazo mtu mweusi wa kusini mwa Marekani alikuwa na mlango wake, bomba lake la maji na kiti chake, vyote vya nyuma. Alimaliza masomo ya theolojia mwaka 1938, na mwaka huo huo akaanza kuchunga Church of the Master pale Harlem. Ni kanisa la Kipresbiteri, kwa hivyo ndugu zetu wa PCEA mna haki ya kujigamba kidogo. Alikuwa mchungaji wa aina ambayo ukikosa kumpata ofisini unamtafuta mtaani. Alianzisha kambi iliyoitwa Rabbit Hollow, huko New Hampshire, msituni, ili watoto wa Harlem wapate mahali pa kwenda kiangazi.

Kiangazi cha kwao, nikukumbushe, ni Juni hadi Agosti, wakati sisi Nairobi tumevaa sweta mbili. Shule zao hufungwa miezi miwili na zaidi. Ndiyo maana safari zote hizi za huduma, hata zetu, zimeganda kwenye Julai na Agosti. Tulirithi mpaka kalenda.

Kambi ile iliendeshwa kwa nguvu za wanafunzi wa vyuo, weusi kwa weupe, wakifanya kazi na kulala mahali pamoja. Sasa weka hilo kwenye wakati wake. Septemba 1957, huko Little Rock, Arkansas, Rais Eisenhower alilazimika kutuma wanajeshi ili wanafunzi tisa weusi waingie shule ya upili iliyokuwa ya wazungu watupu. Robinson alikuwa ameshatembelea Afrika mwaka 1954, akarudi akizunguka vyuoni kuwaambia vijana wa Marekani kwamba kuna bara linaamka na wao hawalijui. Akaunda Operation Crossroads Africa. Kiangazi cha 1958, hata mwaka haujatimia tangu Little Rock, akawapeleka wanafunzi wapatao 60, weusi na weupe, Ghana na nchi nyingine za Afrika Magharibi. Ghana yenyewe ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu.

Walichimba misingi, wakajenga, pamoja na wanafunzi wa Kiafrika wa pale pale. Hili la mwisho ndilo lililonirudisha kwenye mgunga wangu. Katika sehemu nyingi za kusini mwa Marekani, kundi lile lile lisingeruhusiwa kuketi meza moja hotelini. Hapa wanakula sufuria moja, na anayewaonyesha jinsi ya kushika jembe ni Mghana. Nikimwelewa vizuri Robinson, alijua fika kwamba jengo litakalobaki si kitu kikubwa, na kwamba atakayebadilika zaidi ni Mmarekani. Ndiyo maana wanafunzi wake walitakiwa kuchangisha sehemu ya gharama wenyewe. Mwanafunzi analipia shule yake, hiyo inaeleweka.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na safari nyingine, ya kuelekea upande wa pili. Septemba 1959 ndege ya Tom Mboya iliwabeba wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Mmoja wa waliohangaika kuchangisha pesa alikuwa Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, ambaye usimchanganye na mchungaji wetu. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye akaenda. Vijana wao walikuja na beleshi kwa kiangazi kimoja. Wetu walienda na kalamu na kukaa miaka. Sijasikia mtu akisema wanafunzi wa Mboya walienda kuisaidia Marekani, ingawa wako waliofanya kazi za kuosha vyombo huko ili wajilipie karo.

Machi 1961 Rais Kennedy akaanzisha Peace Corps. Mwaka 1962, akiwaaga vijana wa Crossroads pale Ikulu ya Marekani, aliwaambia waziwazi kwamba wao ndio watangulizi wa mpango huo. Kwa hiyo ndiyo, wale walimu wa Peace Corps ambao wazazi wetu na babu zetu wanawakumbuka wana mjomba Harlem. Lakini ilikuwa pia enzi ya Vita Baridi, na Washington ilikuwa na hesabu zake. Mambo yalikua haraka, na kwa maoni yangu ni hapo kitu kilipotea. Esnes na Harlem, aliyesafiri alikuwa na ugomvi wa kwao wa kutatua. Mjerumani alikuwa na deni kwa Mfaransa. Mzungu wa Marekani alikuwa na la kujifunza kwa mweusi aliyelala kitanda cha pili. Safari zilipozidi, ugomvi wa nyumbani ukaachwa uwanja wa ndege, na kilichobaki kwenye mkoba ni msaada.

Aliyeliona hilo na kulisema bila adabu alikuwa padri. Ivan Illich, mzaliwa wa Vienna, aliwahi kuhudumia Waporto Riko wa New York kabla ya kuhamia Cuernavaca, Mexico. Aprili 1968 aliitwa kuzungumza na wanafunzi wa Marekani, wengi wao Wakatoliki, waliokuwa na mradi wa kwenda vijiji vya Mexico kila kiangazi. Aliwaambia wasije. Au waje kutazama, kupanda milima, kufurahia maua, kusoma, lakini wasije kusaidia. Aliwauliza watazungumza nini na mwanakijiji ambaye hata lugha yake hawaijui. Nia njema walizokuja nazo alizitupa nje. Niliposoma hotuba ile mara ya kwanza nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba siku tano zile mimi mwenyewe sikujifunza hata salamu ya lugha ya pale. Tuliwasalimia watu "bwana asifiwe" kwa kipaza sauti.

Na hapa hakuna mzungu wa kulaumiwa. Basi lilikuwa letu, pesa zilikuwa zetu, zilichangwa Jumapili nne mfululizo. Tena sisi hatukukosa mfano wa nyumbani. Juni 1, 1963, Kenyatta aliita nchi nzima kwa neno la watu wanaovuta mzigo pamoja, harambee, na shule ngapi za nchi hii zilijengwa hivyo, mzazi akileta mchanga, mwingine mawe, mwingine akileta mikono tu. Hata kambi za kazi za vijana tulikuwa nazo: Kenya Voluntary Development Association ilianza hivyo mwaka 1962, kabla bendera haijapanda. Katika harambee ya kijiji hakuna anayeachwa chini ya mti akitazama. Ukikaa utaulizwa umekuja kufanya nini.

Jumapili iliyopita nilipeleka bajeti kwenye kamati. Nilikuwa nimeongeza mstari: mafundi wanne wa mahali, siku tano, kwa bei ya kule. Ili zitoshe nilifuta fulana. Kukawa kimya, halafu kukawa kelele. Dada mmoja akasema bila fulana watu watajuaje ni sisi. Swali zuri, kusema kweli, ila kila mtu aliliona kwa upande wake. Mwenyekiti, ambaye namheshimu na ambaye amekuwa akibeba safari hizi kwa miaka mingi kwa pesa zake mwenyewe, akaniuliza taratibu: "Sasa tukilipa mafundi, hawa vijana wetu watafanya nini?" Nikasema watachanganya rangi, watapitisha brashi, wataelekezwa. Akatikisa kichwa. "Wazazi hawatachanga pesa ili watoto wao waende kuelekezwa." Huenda ana haki. Mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka 19 singechangisha pesa kwa safari kama hiyo. Nilitaka kwenda kutoa.

Hatukuamua. Nilipotoka nikampigia mwalimu mkuu wa ile shule ya kwanza, ambaye bado yupo, nikamuuliza kama anamjua fundi aliyepaka lile darasa la nane. Anamjua. Alihama, akasema, kazi iliisha kule, sasa yuko Nairobi anafanya mjengo. Akanipa namba.

Nilimpigia jioni ile. Yuko Ruaka, ghorofa ya saba, wanamalizia plasta. Hakunikumbuka mimi, alikumbuka fulana za kijani. Nikamweleza habari ya Agosti, kwamba safari hii tunaenda kaunti ya jirani na kwao, kwamba bado tunabishana kwenye kamati, kwamba basi lina nafasi. Alisikiliza, nyuma yake mtu anaita saruji iletwe.

"Sawa," akasema. "Lakini niambie ukweli. Nitalipwa, ama nitapewa fulana?"

Nimemwambia kamati inakaa tena Jumapili, baada ya ibada ya pili.