Kanyanga na Sheria: Historia ya Kileo cha Nafaka Mjini Goma

Makala haya yanachunguza kanyanga, kileo cha nafaka kinachouzwa mjini Goma, ambacho pia huitwa lotoko. Hoja yetu ni kwamba uharamu wake haukutokana na ukali wake peke yake, bali pia na sheria ya kikoloni iliyotanguliza ushuru.

Yafaa kwanza kutenganisha vileo viwili. Pombe ya mtama huchachushwa tu: nafaka huroweshwa, huchipua, huanikwa na kusagwa kuwa kimea. Kandokando ya Ziwa Kivu, pombe hiyo na ile ya ndizi zilinywewa katika posa, mazishi na kazi za ushirika. Kanyanga huongezewa hatua moja. Mahindi yaliyochachuka, mara nyingi pamoja na muhogo, huchemshwa katika pipa, na mvuke wake hupozwa katika bomba lililopitishwa majini.

Hatua hiyo ndiyo iliyokatazwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka mipaka ya biashara ya pombe kali barani Afrika. Ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, uliotiwa saini na Ubelgiji, ulipiga marufuku kabisa ukenekaji wa pombe ndani ya eneo lililohusika. Hata hivyo, vinywaji vikali vya Ulaya ambavyo havikuhesabiwa kuwa duni viliweza kuingia, mradi vilipiwe ushuru usiopungua faranga 800 kwa hektolita ya alkoholi tupu. Kwa hiyo, kilicholipiwa forodhani kilikuwa halali, na kilichotoka katika pipa la kijijini kilikuwa kosa.

Mwaka 1957 kiwanda cha bia kilianzishwa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka. Bia ya chupa ikawa kinywaji cha mwenye mshahara. Asiye nao akabaki na kanyanga. Goma yenyewe imejengwa juu ya miamba ya volkano, hivyo hutegemea nafaka kutoka mashamba ya Rutshuru na Masisi. Vita vilivyoikumba Rutshuru mwaka 2022, na Goma yenyewe Januari 2025, viligusa basi pipa la mkenekaji kama vilivyogusa chungu cha ugali. Wakenekaji wengi ni wanawake, na mapato hayo ndiyo hununua chakula na kulipa ada za shule.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Uganda, kwa sheria ya 1965, iliwataka wakenekaji wawe na leseni na kukiuzia kiwanda. Kenya iliruhusu chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Njia hizo hazikumaliza madhara, kwani pombe isiyopimwa yaweza kuwa na methanoli inayopofusha na kuua. Lakini marufuku nayo haipimi kitu. Humwacha mnywaji bila kinga, na muuzaji mikononi mwa askari anayedai chochote. Mjadala juu ya kanyanga, basi, uanze na swali la nani atakayeipima, kabla ya swali la nani atakayeadhibiwa.