Habari za Malezi ya Watoto Wenye Ulemavu, na Sehemu ya Jamaa Zao



Nimepewa nafasi katika taarifa ya mwaka huu nieleze jinsi watoto wenye ulemavu walivyotunzwa katika nchi yetu. Habari hii yatuhusu sote, kwa maana ni koo chache hapa Nakuru zisizopata kulea mtoto wa namna hiyo.

Hapo kale mtoto huyo alikuwa mikononi mwa jamaa zake tu. Wapo waliolelewa kwa mapenzi, na wapo waliofichwa nyumbani kwa aibu. Kisha zikaja shule na vyama. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya watoto vipofu huko Thika. Mwaka 1958, zama ambazo polio ilikuwa ikiwapooza watoto wengi, kilianzishwa chama cha kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo. Mwaka 1962 Jeshi la Wokovu likafungua shule ya Joytown, papo hapo Thika, kwa watoto wa namna hiyo.

Kazi hizo zilikuwa njema na twazishukuru. Lakini zilikuwa na upungufu mmoja: mtoto alikaa bwenini mbali na kwao, na mzazi akawa kama mgeni wa kumpokea siku za likizo. Aliyoyajua mwalimu, mama hakuyajua. Na aliyoyajua mama, hakuna aliyemwuliza.

Mwaka 1984 Serikali, kwa msaada wa nchi ya Denmark, ilianzisha vituo vya kuwapima watoto na kutambua mahitaji yao. Mzazi alifika pamoja na mwanawe, akapewa mashauri, na kuelekezwa shule au hospitali ifaayo. Hapo ndipo mzazi alipoanza kuhesabiwa kuwa mmoja wa watenda kazi. Baadaye Katiba ya mwaka 2010 ikathibitisha haki ya kila mtoto kupata matibabu na malezi ya wazazi.

Hata hivyo kazi haijatimia, nami nina ushahidi wa nyumbani kwetu. Mtoto wa dada yangu alizaliwa na miguu iliyopinda. Alitibiwa kwa njia ya Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani: miguu hunyoshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta, ambayo hubadilishwa kila juma. Plasta zikiisha, mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala mpaka afikie umri wa miaka minne hivi. Viatu vikiachwa, miguu yaweza kupinda tena.

Dada yangu alikuwa kibarua katika shamba la maua Naivasha, na mtoto alilala kwa mama yetu. Maelezo ya viatu yaliandikwa kwa Kiingereza, akakabidhiwa dada. Mtoto alipolia usiku, bibi yake alimhurumia akamvua. Baada ya miezi michache miguu ilipinda, na matibabu yakaanzwa upya. Mama aliniuliza jambo moja tu: “Mbona mimi sikuambiwa?” Sikuwa na jibu, maana hata mimi, karani wa familia, sikuwa nimemsomea karatasi ile.

Wazee wetu walisema, mkono mmoja haulei mwana. Daktari humwona mtoto saa moja kwa mwezi. Siku zilizobaki yuko nasi. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila mtoto wa namna hii awe na daftari moja, ambamo maagizo yote ya daktari, mwalimu na kituo yataandikwa kwa Kiswahili. Pili, anayelala na mtoto, awe bibi, shangazi au dada mkubwa, aende naye kliniki, na nauli yake itoke katika mfuko wa chama. Tatu, wanachama wanaojua kusoma wawasomee jamaa wasiojua, bila kungoja kuombwa.

Nayaweka maombi haya mbele ya mkutano mkuu, nikitumaini wazee watayakubali.